Ethi ya kicheza santuri: njia zinazonyamazisha mvumo na zile zinazoweza kuua

Mvumo wa kicheza santuri una tiba mbili zinazopingana, na zote utazisikia kwa mafundi wenye sifa nzuri. Mmoja atakwambia funga ethi. Mwingine atakwambia toa ethi, kata ile pini ndefu ya juu ya plagi, mvumo utaisha papo hapo. Kinachosikitisha ni kwamba huyu wa pili hasemi uongo: mara nyingi mvumo huisha kweli. Inayobaki ni mashine ya chuma yenye umeme wa volti 240 ndani yake, haina kinga, na wewe unaishika kila baada ya dakika 20 ukigeuza upande wa santuri.

Wawili hao wanazungumzia ethi mbili tofauti. Ya kwanza ni ethi ya usalama, ile ya plagi ya pini tatu: waya wa kijani na njano (kijani kitupu kwenye nyaya za zamani) unaotoka kwenye bodi ya chuma, ukapita ukutani hadi kwenye ethi kuu ya nyumba na fimbo yake iliyochimbiwa nje. Kazi yake huonekana siku waya wa moto unapochubuka ndani na kugusa bodi. Umeme mwingi hupita humo ghafla, fyuzi inakatika au breka inaanguka, nawe unabaki salama. Ya pili ni ethi ya sauti: ule uzi mwembamba, mara nyingi mweusi au wa kijani, wenye kichwa cha uma, unaotoka nyuma ya kicheza santuri sambamba na nyaya za RCA, zile mbili zinazopeleka muziki kwenye amplifaya. Huo kazi yake ni kuufanya mkono wa mashine (ule unaobeba sindano) na bodi viwe na usawa mmoja wa umeme na amplifaya, basi. Hauwezi kubeba umeme wa hitilafu, na vitabu vya maelekezo vya amplifaya nyingi husema wazi kwamba skrubu ya GND, inapofungwa uzi huo, si ethi ya usalama.

Njia zote ninazozilinganisha hapa nazipima kwa maswali mawili. Je, ethi ya usalama imebaki ilivyo? Je, ethi ya sauti ina njia moja tu ya kufika kwenye amplifaya? Njia isiyopita swali la kwanza siijadili kwa upande wa sauti, hata ikiwa kimya kama usiku.

Kwa nini santuri ivume wakati simu haivumi

Katriji ni kile kichwa kidogo chenye sindano. Ya MM (sumaku inayocheza), iliyo kwenye mashine nyingi za nyumbani, hutoa milivolti 3 hadi 5. Ya MC (koili inayocheza) hutoa kama milivolti 0.2 hadi 0.5. Simu au mashine ya CD huleta volti moja au mbili nzima. Ndiyo maana priampu ya fono, kikuzaji cha kwanza cha sauti ya santuri, hukuza sauti ya MM kama mara 100, na ya MC kama mara 1,000. Juu ya hapo kuna kanuni ya RIAA, inayofuatwa tangu 1954: besi hupunguzwa santuri inapochongwa ili mfereji usitanuke kupita kiasi, kisha huinuliwa tena wakati wa kucheza. Kwenye hezi 50, yaani mapigo ya umeme wetu wa nyumbani, kuinuliwa huko ni kama mara 7 zaidi ya hezi 1,000.

Weka hesabu mezani. Uchafu wa mikrovolti 10 ukiingia kwenye njia ya katriji ya milivolti 5 ni sehemu moja ya 500 ya muziki. Ukishapita kwenye RIAA unakuwa kama sehemu moja ya 70, na hapo unausikia vizuri sana kati ya wimbo na wimbo. Hizo mikrovolti 10 hupatikana kirahisi: wavu wa waya wa RCA (ule wa nje unaouzunguka waya wa muziki) wenye ukinzani wa omu 0.05 unahitaji mkondo wa miliampia 0.2 tu upite ndani yake. Kifaa kizima kisicho na kasoro yoyote, chenye plagi ya pini mbili, kinaweza kuvujisha kiasi hicho kupitia kapasita zake za kuchujia umeme. Ule msisimko mdogo unaousikia ukigusa chuma cha vifaa kama hivyo kwa upande wa mgongo wa kidole ndio huo.

Kwa hiyo tatizo ni mkondo mdogo uliopata njia ya kupita kwenye wavu wa RCA. Hupata njia hiyo kwa sababu mbili kinyume: ama mkono wa kicheza santuri haujaunganishwa popote, ama umeunganishwa mahali pawili na kufanya duara. Anayesema funga amekutana na la kwanza, na anayesema toa amekutana na la pili.

Uzi hadi GND, au ethi iliyofichwa ndani ya RCA

Hizi ndizo njia mbili halali ambazo viwanda vyenyewe hutumia, na hapa ndipo mnunuzi anapochanganyikiwa zaidi.

Technics SL-1200MK2, mashine inayojulikana kuliko zote kwa madijei, ina uzi wa pekee. Mkono na bodi vimeunganishwa na uzi huo, na wavu wa RCA haugusani nao ndani ya mashine. Unaunganisha RCA mbili, unafunga uzi kwenye skrubu ya GND ya amplifaya, mikisa au priampu, kazi imeisha. Ukisahau uzi, mvumo unakuwa mkubwa, na ukigusa mkono kwa kidole unapungua au kubadilika.

Vicheza santuri vya Rega havina uzi huo. Mkono umeunganishwa ndani na wavu wa RCA ya upande wa kushoto, hivyo ethi ya sauti husafiri na waya uleule wa muziki. Mtu akinunua Rega iliyotumika, asione uzi, akadhani umekatwa na kumpa fundi auongezee, ametengeneza duara ambalo halikuwapo. Sasa mkono una njia mbili kwenda kwenye amplifaya, na mashine iliyokuwa kimya inaanza kuvuma.

Tofauti hiyo unaipima nyumbani kwa multimita ya bei ndogo. Chomoa plagi ya umeme ukutani na nyaya za RCA kwenye amplifaya. Weka mita kwenye omu. Gusa chuma cha mkono na ncha ya uzi: isome chini ya omu 2 hivi. Halafu gusa uzi na pete ya nje ya RCA. Mashine ya mtindo wa Technics haitasoma kitu, kwa kuwa hakuna muunganiko. Ya mtindo wa Rega haina uzi, lakini kati ya mkono na pete ya RCA ya kushoto utapata karibu na sifuri. Ukikuta mashine ina uzi na pia uzi umeungana na pete za RCA, kuna mtu alishaifungua na kubadilisha. Hiyo usiifunge GND kabla hujaisikiliza bila kufunga.

Mabadiliko hayo hupendwa na madijei wanaohama kumbi: wanaziunganisha ethi ndani ya Technics ili wasibebe uzi unaokatika au kusahaulika. Kwa kazi ya ukumbini nawaelewa, kwani uzi uliokatika saa nne usiku mbele ya watu ni balaa. Kwa nyumbani nachagua uzi wa pekee bila kusita. Mvumo ukija unaweza kuufungua na kuufunga, ukasikia tofauti, ukajua tatizo liko upande gani. Ethi iliyofichwa ndani haikupi nafasi hiyo, na wavu wa RCA ukianza kukatika, sauti na ethi vinapotea kwa pamoja.

Upande wa usalama njia hizi mbili ni sawa, kwa sababu hakuna inayogusa plagi. Mradi mashine yenyewe ni ya plagi ya pini mbili yenye alama ya mraba ndani ya mraba, au ya adapta ndogo ya volti chache, haihitaji ethi ya usalama kabisa. Plagi zetu za pini tatu hata zina toleo lenye pini ya juu ya plastiki, ambayo kazi yake ni kufungua mlango wa soketi tu. Hapo hakuna ethi iliyoibiwa.

Priampu ya ndani na Bluetooth

Mashine kama Audio-Technica AT-LP60 zina priampu ndani na swichi ya kuchagua fono (sauti dhaifu ya katriji) au laini (iliyokuzwa). Kwenye laini sauti inatoka ikiwa imeshakuzwa, kwa hiyo kile kimkondo kwenye wavu wa RCA hakina tena mtu wa kukikuza mara 700. Kwa mtu anayetaka kusikiliza bila kujifunza haya yote, ni chaguo zuri. Bluetooth inakata duara kabisa kwa kuwa hakuna waya kati ya mashine na spika. Gharama yake ni ubora wa sauti, na wenye sikio huiona.

Angalia swichi tu. Ikiwa kwenye laini na umeingiza kwenye tundu la fono, utasikia sauti iliyopasuka pamoja na mvumo, na hakuna ethi itakayoponya hilo.

Waya hadi ukutani, bombani au kwenye fimbo yako mwenyewe

Wapo wanaochukua ule uzi mwembamba na kuupeleka kwenye pini ya ethi ya soketi, kwenye bomba la maji, au kwenye chuma walichokichimbia bustanini. Kwa sauti ni kubahatisha. Amplifaya yako ikiwa na plagi ya pini tatu, tayari imeunganishwa na ethi ya nyumba kwa njia yake; ukiongeza ya pili umefunga duara kubwa linalozunguka chumba kizima, na kadiri eneo la duara linavyokuwa kubwa ndivyo linavyokusanya mvumo mwingi kutoka kwenye nyaya za ukutani.

Kwa usalama ni vibaya zaidi. Mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki, kwa hiyo hayafiki popote. Fimbo ya bustanini inaweza kuwa na ukinzani wa omu 50 kwa urahisi, hasa udongo ukiwa mkavu. Waya wa moto ukigusa bodi, volti 240 kwa omu 50 ni ampia 4.8. Fyuzi ya ampia 13 haitakatika kwa hiyo. Bodi itabaki na umeme, na mwenye nyumba ataamini ameweka ethi. Radi ikipiga karibu, fimbo mbili zisizounganishwa zinaweza kuwa na tofauti kubwa mno ya volti kati yao, na daraja la kuziunganisha ni amplifaya yako.

Fimbo ya ziada inaruhusiwa pale tu fundi umeme mwenye leseni anapoiunganisha na ethi kuu ya nyumba. Hiyo ni kazi ya nyumba nzima, haihusu santuri.

Kukata pini ya ethi

Huu ndio ushauri ninaoupinga kwa nguvu zangu zote. Pini ikikatwa, duara linafunguka na mvumo unaisha, hivyo mtu anashawishika kwamba ametibu. Adapta ya pini tatu kwenda mbili hufanya kosa hilohilo, ila haionekani. Sasa fikiria njia ya umeme wa hitilafu: bodi ya amplifaya imepata moto, ethi yake haipo, lakini imeunganishwa na kicheza santuri kwa wavu wa RCA na uzi wa GND. Mkono wa chuma unaoushika kwa vidole viwili ndio mwisho wa njia hiyo. Miliampia 50 hadi 100 zikipita kifuani zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Swichi ya RCD, inayokata umeme unapovuja, iliyopimwa miliampia 30 inaweza kukuokoa, lakini nyumba nyingi za kupanga hazina, na inayotumika kama kisingizio cha kukata pini inafanywa kuwa kinga ya mwisho badala ya kinga ya pili.

Kuna nyumba ambazo soketi ina matundu matatu na nyuma yake hakuna waya wa ethi. Humo pini imeshakatwa kwa ajili yako. Plagi ndogo ya kupimia soketi, yenye taa tatu, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme na itakuonyesha hilo mara moja. Usiendelee kuhangaika na mvumo kabla soketi haijarekebishwa, kwa sababu katika nyumba ya hivyo mvumo wenyewe unaweza kuwa ndiyo dalili pekee uliyo nayo.

Transfoma ya kutenganisha sauti

Duara likigoma kufunguka kwa njia halali, hiki ndicho kifaa ninachokiweka mahali pa mkasi. Ni transfoma ndogo mbili za uwiano wa 1:1 (volti zinazoingia ndizo zinazotoka) ndani ya kiboksi, moja kila upande, zenye RCA kuingia na kutoka. Muziki hupita kwa sumaku, mkondo wa ethi haupiti. Plagi zote zinabaki na pini zao.

Mahali pake ni kati ya priampu ya fono na amplifaya, kwenye sauti iliyokwisha kukuzwa. Kukiweka kati ya katriji na priampu ni kosa: kwa milivolti 5 transfoma hizo zenyewe hunasa mvumo, na ukinzani wa kilo-omu 47 ambao katriji ya MM inautarajia unavurugika. Vya bei ya chini hupunguza besi ya chini kabisa. Mpenzi wa rumba ya Kongo atalisikia gita la besi limekonda kidogo. Kwa taarabu ya zamani tofauti ni ndogo zaidi. Ukiwa na uwezo, lipia transfoma zenye kiini kikubwa.

Lakini kabla ya kununua, fanya jambo lisilo na gharama: chomeka vifaa vyote vya muziki kwenye ekstensheni moja yenye ethi nzima. Duara linabaki, ila linasinyaa kutoka ukubwa wa chumba hadi ukubwa wa meza, na mara nyingi hilo linatosha. Halafu chomoa king'amuzi. Waya wa dishi au antena huleta ethi yake kutoka darini, na ukiwa umeunganisha king'amuzi kwenye amplifaya hiyohiyo, mvumo wa santuri unaweza kuwa unatoka kwenye televisheni. Kompyuta yenye chaja ya pini tatu nayo hivyohivyo. Katika nyumba zetu naamini king'amuzi kinasingizia vicheza santuri vingi ambavyo havina kosa.

Mashine za zamani, na zilizotoka mbali

Garrard 301 na 401 za Uingereza na Thorens TD 124 ya Uswisi ni mashine za bodi ya chuma zenye mota inayokula umeme wa nyumba moja kwa moja. Hizi si za kuchagua kati ya ethi na ukimya. Bodi na mota vipate waya wa tatu hadi kwenye plagi, fyuzi ya ampia 3, na fundi apime uzuiaji wa nyaya kwa mita ya volti 500, kwa sababu mpira wa miaka ya 1950 huvunjika kama biskuti. Kisha mkono, uliofungwa kwenye mbao bila kugusa bodi ya mota, uwe na uzi wake wa pekee hadi GND ya priampu. Kila ethi inakwenda kwake na hazikutani ndani ya mashine. Mpangilio huu ni bora kuliko wowote kwa mashine hizo, na unastahili gharama ya fundi.

Zinazotoka Japani ni za volti 100, na za Marekani ni za volti 120 na hezi 60. Stepdauni nyingi za mtaani zina koili moja tu, kwa hiyo zinapunguza volti bila kukutenganisha na umeme wa nyumba, na nyingine hazipitishi ethi. Chagua yenye koili mbili na soketi yenye ethi. Mashine ya Marekani yenye mota ya AC ya kufuata mapigo ya umeme itazunguka polepole huku kwetu: 33⅓ inakuwa kama 27.8 kwa dakika, na stepdauni haibadilishi hilo. Technics SL-1200MK2 haiathiriki, kwani kasi yake inaongozwa na kioo cha kwatzi.

Kuna mvumo usiohusika na ethi yoyote. Ukisogeza mkono kuelekea katikati ya santuri na mvumo ukaongezeka, katriji inanasa sumaku ya mota au ya transfoma iliyo chini. Ukihamisha amplifaya kutoka upande wa kulia kwenda kushoto na ukabadilika, ni transfoma ya amplifaya. Dawa ni umbali. Ukivuma upande mmoja tu, kagua zile nyaya nne nyembamba nyuma ya katriji, nyeupe na buluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Pengine moja imelegea.

Na wanaotumia inveta ya sola: ile ya mawimbi ya ngazi hutoa mlio mkali wenye meno, si mvumo mzito wa hezi 50, na huipasha moto mota ya AC. Ya mawimbi laini ni ghali zaidi lakini ndiyo inayofaa kwa santuri, na bodi yake iunganishwe na ethi ya nyumba na aliyeifunga. Ili kujua mlio unatoka wapi, cheza santuri ukiwa kwenye inveta, kisha gusa chuma cha mkono. Sauti isipobadilika, acha nyaya zako zote za ethi zilivyo, ukamwite aliyefunga sola.